Mgonjwa Mkuu

Katika chuo kile cha afya hapakuwa na mtu aliyejua kuumwa kama mume wa mwalimu wa uuguzi. Wagonjwa wa kweli huumwa ovyo: huyu analia kabla hajaguswa, yule ananyamaza mpaka anakata roho. Yeye aliumwa kwa mpangilio. Akiambiwa leo una pumu, mabega yalipanda, shingo ikazama, na pumzi ikatoka na mluzi hata mtu mwenye mapafu mazima akatamani kumgawia zake. Akiambiwa una kisukari na mguu una kidonda, alianza kuchechemea tangu getini, akimsalimia mlinzi kwa sauti ya mtu anayeaga. Wanafunzi walimwita Mgonjwa Mkuu. Chuo kina mkuu wake, kila idara ina mkuu wake, wakaona si haki mzee wao akose cheo.

Tiba hakuisomea. Alikuwa fundi bomba wa hospitali ya chuo hichohicho mpaka alipostaafu, naye na mkewe walikutana wodini, bomba lilipopasuka juu ya kabati la dawa na yule muuguzi mpya akamfokea fundi kana kwamba yeye ndiye maji. "Tangu siku hiyo," alipenda kuwaambia wanafunzi, "nafokewa bila likizo." Mwalimu alimtupia jicho la pembeni, na wanafunzi wakajua kicheko kimeruhusiwa.

Huyo mwalimu ndiye mwenye habari hii. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, aliyevaa viatu vya wodini hata harusini. Somo lake lilikuwa moja tu la aina yake pale chuoni: mara moja kwa wiki aliwakusanya wanaosomea udaktari, uuguzi, famasi na tiba ya viungo katika chumba kimoja, akawapa mgonjwa mmoja. Chumba chenyewe kilikuwa dobi la zamani la hospitali. Mfereji wa maji machafu ulikuwa bado umepita katikati ya sakafu, na harufu ya sabuni haijawahi kutoka kutani. Ndani mlikuwa na kitanda kimoja cha chuma, viti vilivyopangwa duara, na karatasi ya kisa cha siku: mgonjwa ana nini, ameanza kuumwa lini, atalalamika nini. Mzee aliisoma karatasi mara moja tu, akalala kitandani na kuanza kugugumia. Wanafunzi wakimaliza kumhudumia walikaa duara, kila mmoja akasema alichokiona.

Jambo hilo lilimtoka mwalimu moyoni. Katika ujana wake aliona mama aliyetoka kujifungua akifa mikononi mwa watu wenye akili zao timamu. Mkunga alijua damu bado inatoka. Mtu wa maabara alijua damu imepungua mwilini. Daktari alijua presha inashuka. Kila mmoja alikuwa na kipande, na hakuna aliyekuwa na mgonjwa. Wakubwa wa chuo hawakumwelewa. "Mafahali wawili hawakai zizi moja, sembuse wanne," daktari wa upasuaji, mhadhiri mwenzake, alimwambia katika kikao. "Mimi sifugi mafahali, daktari. Nafundisha watu," mwalimu akajibu, akakusanya makabrasha yake.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Kinyozi hajinyoi, na fundi bomba wetu bomba la jikoni kwake lilivuja miaka na miaka. Akiambiwa alitengeneze, mkono ulimwendea kiunoni. "Mke wangu, naumwa." "Unaumwa kisa namba ngapi?" aliuliza mwalimu bila kuinua uso kutoka kwenye kazi za wanafunzi, na wote wawili wakacheka. Ulikuwa mzaha wao. Binti yao alikua akiusikia, akaolewa mji mwingine, nao wakabaki na mzaha wao na bomba lao linalovuja. Wazee walisema mzaha mzaha hutumbua usaha, lakini ni nani anayewakumbuka wazee wakati anacheka na mumewe?

Muhula ule lilikuwapo kundi ambalo mwalimu alilipenda kimyakimya. Aliyesomea udaktari alikuwa kijana mrefu, mwoga wa kukosea, wenzake wakimwita Dokta kabla ya wakati wake. Wa uuguzi alikuwa binti mwepesi wa maneno, Sista. Binti wa dawa, mpole, aliyeangalia kila kitu na kusema kidogo, aliitwa Famasi. Na wa tiba ya viungo, kijana mnene mwenye mikono laini, waliishia kumwita Viungo, naye akaitika.

Siku moja kisa kilikuwa cha moyo uliochoka. Mgonjwa miguu imevimba, akilala chali pumzi inakata. Mzee alianza vizuri, akahema, akaomba mto wa pili. Kisha Dokta akamuuliza ni wapi hasa panapomsumbua, na badala ya kushika kifua mzee akaweka kiganja juu ya tumbo, chini kidogo ya mbavu.

"Hapa, mwanangu. Nikila tonge mbili nimeshiba. Halafu panachoma, panachoma kweli."

Mwalimu, aliyekuwa kwenye kiti chake cha pembeni na kalamu mkononi, alikunja uso. Hayo hayakuwa kwenye kisa. Dokta akapeleka vidole tumboni, akabonyeza taratibu kama alivyofundishwa. Mzee akatoa mguno wa chini, wa ndani, hata waliokuwa nyuma wakaacha kuandika. Vidole vya Dokta vikabaki palepale. Akageuka.

"Mwalimu, hapa tumboni ni kama kuna—"

"Acha tumbo," mwalimu akamkatiza. "Kisa cha leo ni moyo. Mgonjwa akikupeleka pembeni, mrudishe njiani. Endelea na kifua."

Dokta akaendelea na kifua. Katika duara kila mmoja alizungumza juu ya moyo, na walizungumza vizuri. Mwisho darasa zima likampigia mzee makofi, naye akakaa kitandani akainamisha kichwa kama mcheza tamthilia.

"Leo umetia chumvi, baba watoto," mwalimu alimwambia wakirudi nyumbani. "Tumbo limetoka wapi?"

Mzee alikuwa akitembea polepole. "Lakini ilikuwa nzuri?"

"Nzuri mno. Nusura nikuamini."

Akacheka, ila si sana.

Chuo kilikuwa likizo mzee alipotapika. Siku hiyo alikuwa ameamua, bila kuambiwa na mtu, kulitengeneza lile bomba. Mwalimu alisikia spana ikianguka jikoni, akaenda akiwa tayari na neno la utani mdomoni, akamkuta amepiga magoti na matapishi meusi mbele yake. Hakuhitaji kuambiwa na mtu. Miaka yote aliyokaa wodini ilimwambia palepale, na neno la utani likamfia mdomoni.

Hospitalini walimpitishia mzee mpira wenye kamera kooni, wakachukua kinyama wakakipima, wakampiga picha za tumbo. Kisha yule daktari wa upasuaji, yule wa mafahali, alimwita mwalimu ofisini, akamvutia kiti mwenyewe, akazungumza naye kwa upole. Upole ule ndio uliomtisha. Ilikuwa saratani ya tumbo, na ilishafika kwenye ini. "Hata tukipasua, dada yangu, tutaangalia tu na kushona. Imekaa muda. Angeletwa mapema kidogo..." Hakumalizia. Watu wa tiba wanajua mahali pa kuiacha sentensi.

Majirani walikuja kumpa pole. Mganga hajigangi, walimwambia, wakidhani wanampoza.

Masomo yalipoanza, aliingia katika chumba cha dobi bila karatasi ya kisa. Akavuta kiti mpaka ndani ya duara, mahali ambapo hajawahi kukaa, akawaambia mzee ana nini. Hakulia. Alilisema kama anavyosemwa mgonjwa wa kitanda cha jirani. Maji yakasikika yakipita kwenye mabomba ya ukutani, mabomba ambayo mengine mzee aliyafunga kwa mikono yake.

"Mwalimu," alisema Dokta. "Mimi nililigusa. Lilikuwa gumu. Nikajiambia mikono yangu bado ni ya mwanafunzi, labda ndivyo tumbo la mzee lilivyo."

Sista alikuwa ameshaanza kulia. Alisema kitambaa cha kupimia presha kilimzunguka mzee mkono kikabaki kirefu, wakati mwanzoni mwa muhula kilitosha. Na alipomfunua kope, ndani palikuwa peupe. "Nikasema moyoni, huyu babu kweli fundi, ameigiza mpaka damu."

Famasi alisema mzee alikuwa na vidonge vya kiungulia mfuko mzima wa shati. Alivitafuna kila walipompa mgongo, kimoja baada ya kingine, kama njugu. "Nilidhani ni sehemu ya mchezo."

"Mimi nilimwinua kitandani," alisema Viungo. "Zamani nilikuwa namwinua kwa kujikaza. Siku ile alikuwa mwepesi kama mto wa kulalia."

"Sasa kwa nini hamkusema?" Mwalimu aliuliza kwa ukali, na kwa kitambo kidogo aliwachukia wote wanne, vijana wa watu, wenye macho na vidole na midomo yao.

Walitazamana. Aliyejibu ni Viungo, taratibu, kama anayeogopa kumuumiza. "Haikuwa kwenye kisa, Mwalimu."

Hapo chuki ikamgeukia mwenyewe. Alikuwa amejenga chumba kizima ili watu wasikae na vipande vyao, na ndani ya chumba hichohicho akawafundisha kukaa navyo. Naye alikuwa na chake. Mkanda wa suruali ya mzee ulipozidi kupwaya, yeye ndiye aliyepasha msumari moto, akatoboa tundu jipya, akamtania kwamba anarudi ujana. Aliwaambia hilo nalo, kwa kuwa ndiyo ilikuwa zamu yake kusema.

Jioni alikaa kando ya kitanda cha mzee. Walikuwa wamemruhusu arudi nyumbani na dawa za maumivu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia."

"Lini, baba watoto? Lini uliniambia?"

"Siku ile ya moyo. Mbele ya darasa zima." Mzee aliongea bila kinyongo, na afadhali angekuwa nacho. "Nyumbani nikisema naumwa unaniuliza kisa namba ngapi. Sikulaumu, mimi ndiye niliyekuzoesha. Lakini kule nikisema, unasikiliza na unaandika. Nikaona basi nitalisemea kule, niwaone mtasemaje. Nyinyi ndio wataalamu." Akapumzika kidogo. "Mlipopiga makofi, nikajua siumwi kitu."

Mwalimu alitoka akaenda jikoni. Akasimama mbele ya lile bomba, akalia kwa mdomo wazi bila sauti, ili mzee asisikie.

Kesho yake alimwambia kwamba darasa lile atalifunga. Atarudi kufundisha namna ya kutandika kitanda na kuchoma sindano, mambo ambayo mtu akikosea anaonekana amekosea.

"Usilifunge," mzee akasema. "Nipelekeni mara moja tu. Safari hii sitahitaji hata karatasi."

"Huna hata nguvu ya kukaa."

"Mgonjwa gani ana nguvu ya kukaa? Ndiyo nitaonekana najua kazi yangu."

Mwalimu alikataa, akakataa tena, akasema sikio la kufa halisikii dawa. Lakini mzee alipotaka jambo alikuwa kama maji, hupita popote penye upenyo. Mwishowe Viungo ndiye aliyekuja kumchukua kwa kiti cha magurudumu, akamfunika miguu, akamsukuma kwenye njia ya nyuma isiyo na mashimo mengi. Mlinzi wa getini alimsalimia kwa kelele, "Mzee, leo ugonjwa gani?" Kisha akamwona vizuri, akavua kofia.

Walimlaza kwenye kitanda kilekile cha chuma. Mwalimu alikaa pembeni, na safari hii hakuwa na kalamu. Dokta hakusimama juu ya mgonjwa kama zamani. Alivuta kiti, akakaa, akauliza, "Mzee wetu, unasumbuliwa na nini?" Na mzee akasema. Alisema kila kitu, tangu siku ya kwanza chakula kilipomshinda, na hakuna aliyemkatiza. Famasi alimuuliza saa ngapi dawa ya maumivu humwishia mwilini. Akajibu ni alfajiri, na kwamba huuma mto ili mkewe asiamke. Mwalimu hakuwa analijua hilo. Ilimbidi alisikie pale, pamoja na darasa. Famasi akaandika, akasema atazungumza na daktari wake dawa ipangwe upya, na kweli siku zilizofuata mzee akalala mpaka asubuhi.

"Una swali kwetu?" Dokta akauliza mwisho, kama walivyofundishwa kuuliza.

"Ninalo. Siku nikifa, nani kati yenu atakwenda kumwambia mke wangu?"

Hakuna aliyelitazamia. Dokta akasema kwa kawaida ni daktari wa zamu. Sista akasema daktari husema maneno mawili akaondoka, wanaobaki na ndugu ni wauguzi. Famasi akasema, kwa aibu, kwamba watu wa dawa kwa kweli huwa hawahusiki.

"Haya, ndiyo yaleyale," mzee akasema. "Bomba linavuja, kila mtu si la kwake."

Wengine wakacheka huku machozi yanawatoka. Wote wakamgeukia mwalimu, kwa kuwa palipokwama mambo ndipo alipozoea kusaidia. Hakusaidia. Alikuwa ameukaza mdomo, amejishika mikono mapajani.

"Tutakwenda wote," alisema Viungo.

"Vizuri. Mje wote. Akija mmoja atabisha, namjua. Atasema hukuangalia vizuri."

Kisha mzee akachoka, wakamrudisha. Njiani mwalimu alimshika mkono na hawakutaniana kabisa. Alimuuliza kama bado panauma, akangoja jibu mpaka likatoka.

Mwisho mzee alilazwa tena, wodi aliyokuwa Sista kwenye mafunzo yake. Binti yao alishapigiwa simu na alikuwa safarini. Asubuhi moja mwalimu alirudi nyumbani mara moja kuoga na kumpikia uji mwepesi, ingawa mzee alikuwa hamezi tena zaidi ya kijiko. Uji ulikuwa haujachemka vizuri alipobishiwa hodi. Alifungua. Walikuwa wamesimama wanne, makoti meupe, wamebanana kwenye kizingiti kana kwamba mvua inanyesha nyuma yao, na wote wamekosa mahali pa kuweka macho.

Mwalimu aliwatazama mmoja mmoja. Alielewa, na bado akabisha.

"Mmeangalia vizuri?" aliuliza. "Huyo mzee anajua kuigiza, nyinyi. Mmeangalia vizuri kweli?"

"Tumeangalia, Mwalimu," alisema Dokta. "Nilisikiliza kifua. Nikasikiliza tena. Nikamwita daktari naye akasikiliza."

Aliwaachia nafasi wakaingia. Famasi alikwenda jikoni akazima moto chini ya uji, akarudi, akamwambia kwamba dawa mzee aliipata kwa wakati na hakuwa na maumivu. Viungo alisema alikuwa amemgeuza ubavu wa kulia, ule alioupenda, na alipomgeuza mzee alimwambia ahsante. Sista alikuwa wa mwisho. Alisema yeye ndiye aliyekuwa amemshika mkono, na kwamba mzee alifumbua macho akauliza kama mkewe ameshakula, naye akamjibu ndiyo, babu, amekula, mzee akayafumba. "Nilimdanganya, Mwalimu," akasema. "Sikuwa najua."

Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti cha mzee. Aliwasikiliza wote mpaka wa mwisho alipomaliza, hakumkatiza hata mmoja. Ndipo akalia, safari hii kwa sauti.